Tangu tumpumzishe, baba hanyanyuki bila kushika meza

SWALI

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nakuandikia kwa ajili ya baba yangu, na pia kwa sababu nyumbani tumegawanyika juu yake.

Baba ana miaka 71. Maisha yake yote alikuwa mkulima wa michungwa Muheza. Mwaka juzi mama alifariki, na arobaini ilipopita kaka yetu mkubwa akakata shauri: mzee asibaki peke yake kule, aje Dar, amefanya kazi ya kutosha. Tukamchukua. Anakaa kwangu, kaka ndiye anayetoa hela ya matumizi yake, na kwa kweli hakosi kitu. Ana chumba chake na televisheni yake, na dada wa kazi anamhudumia mpaka maji ya kunawa anamfuata nayo alipokaa.

Alipofika alikuwa na nguvu zake. Wiki za mwanzo aliamka alfajiri, akachukua ufagio, akafagia uwanja wote mpaka nje ya geti. Siku moja kaka alipita mapema akamkuta. Alimfokea dada wa kazi mbele yetu: "Majirani watasemaje, mzee anafagia na wewe umelala?" Ufagio ukafichwa. Hata panga alilokuja nalo kutoka shamba likafungiwa stoo. Baba hakusema neno, akaenda kukaa kwenye kochi, na ndipo anaposhinda mpaka leo.

Sasa mapaja yamekwisha. Mkanda wa suruali umetobolewa matundu mawili mapya. Akitaka kunyanyuka anajisukuma mara mbili tatu, halafu anashika meza. Msikitini ameanza kusalia kwenye kiti, maana kusujudu anasujudu, kunyanyuka ndiyo kazi. Mwezi uliopita aliteleza bafuni. Mungu alisaidia hakuvunjika.

Na usiku halali. Mchana akishakula analala mpaka karibu na alasiri, jioni anasinzia kwenye kochi, kisha usiku ni televisheni mpaka saa 7, saa 8. Akilala anakoroma sana, na anaamka kukojoa mara tatu au nne. Duka la dawa walinipa vidonge vya mafua, vile vinavyoleta usingizi. Nilimpa siku kadhaa, asubuhi akawa kama mtu aliyelewa, nikaviacha. Kula ni kidogo: asubuhi chai ya rangi na mkate, mchana wali na mchuzi, usiku chai tena na andazi. Nyama haiwezi, magego yamebaki machache. Ana presha na anatumia dawa.

Kaka anasema huo ni uzee tu, tumwache mzee apumzike. Ameleta kopo la unga wa protini, aliuziwa gym. Mume wangu anataka tumpeleke akawekewe dripu ya vitamini. Shangazi yetu aliyeko Muheza anasema, "Ndugu yangu mnamuua kwa kochi." Mimi sijui nimsikilize nani. Je, kukosa usingizi ndiko kunakomla baba misuli, au ni uzee, au ni sisi?

Binti wa Muheza, Tabata


JIBU

Marahaba, mwanangu. Ni vyote vitatu, ila havilingani uzito, na hicho cha mwisho ndicho kilicho mikononi mwenu. Shangazi yako ametumia maneno makali kuliko ambayo ningetumia mimi, lakini hakukosea sana.

Kwanza hospitali, tena wiki hii. Mzee anayekonda mpaka mkanda unatobolewa upya haambiwi ni uzee kabla hajapimwa. Kukonda namna hiyo kunaweza kuwa kisukari, kifua kikuu, matatizo ya tezi ya shingo, hata saratani. Kuamka kukojoa mara nne kunaweza kuwa kisukari hichohicho, au tezi dume. Apimwe uzito, sukari, wingi wa damu, figo, na presha apimwe akiwa amekaa halafu akiwa amesimama, kwa sababu wapo wazee ambao presha inashuka wanaponyanyuka na hapo ndipo wanapoanguka. Aulizwe habari za kikohozi na jasho la usiku. Wewe beba dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na vile vidonge vya mafua. Baadhi ya dawa za presha kazi yake ni kutoa maji mwilini, na mtu akizimeza jioni usiku wake unaishia chooni. Muulize daktari kama ya baba ni ya aina hiyo na kama inaweza kuhamishiwa asubuhi. Usiihamishe mwenyewe. Mwambie pia kuhusu kukoroma, na kabla hujaenda usimame usiku mlangoni pake usikilize: je, mkoromo unakatika kimya kwa sekunde kadhaa, halafu anashtuka kama mtu anayetoka majini? Kama ndivyo, pumzi inakatika usingizini. Hali hiyo huharibu usingizi mzito na yenyewe pia humwamsha mtu kwenda kukojoa, na ina matibabu yake.

Vile vidonge ulifanya vizuri kuviacha. Kwa mtu wa umri wake vinaleta kizunguzungu na kuchanganyikiwa, vinaongeza hatari ya kuanguka, na mwenye tezi dume iliyovimba vinaweza kumfungia mkojo kabisa. Vinauzwa kama njugu, na ndiyo maana watu wanadhani havina neno.

Tuseme sasa ugonjwa haukuonekana, au umeonekana na unatibiwa. Miguu bado haitarudi yenyewe.

Hilo la uzee kaka yako anasema kweli nusu. Misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, kati ya asilimia 3 na 8 kwa kila miaka 10, na baada ya 60 kasi inaongezeka. Nguvu nayo hupotea haraka kuliko nyama yenyewe, kwa hiyo mtu anaweza kuonekana amenawiri kumbe ngazi tatu zinamshinda. Ikifika mahali udhaifu unamzuia mtu kufanya shughuli zake, madaktari wanaiita sakopenia. Marekani wameipa namba yake kwenye orodha ya magonjwa tangu 2016. Huo upunguaji wa uzee lakini ni wa polepole. Mwanamume aliyekuwa anapalilia michungwa hapotezi mapaja kwa miaka miwili kwa sababu ya kuzeeka peke yake.

Unaweza kumpima hapohapo nyumbani. Chukua kiti cha kulia chakula, si kochi, kiegemeze ukutani kisirudi nyuma. Akae, akunje mikono kifuani, asimame wima na kukaa mara 5 mfululizo huku unatazama saa ya simu, na wewe ukiwa karibu naye. Ikizidi sekunde 15, au akishindwa bila mikono, nguvu ya miguu imeshuka mpaka kiwango ambacho wataalamu wa Ulaya wanakihesabu kuwa dalili ya sakopenia. Pima tena mita 4 sebuleni, atembee mwendo wake wa kawaida. Zikizidi sekunde 5, ni ishara nyingine. Na Wajapani wana kipimo ambacho hakihitaji hata saa: unganisha vidole gumba viwili na vya shahada viwili vifanye pete, mzee mwenyewe aizungushie shavu la mguu, ile nyama ya nyuma chini ya goti, pale lilipo nene. Pete ikimpwaya na kuacha nafasi, misuli imepungua. Andika matokeo na tarehe nyuma ya kadi yake ya kliniki, utayahitaji baadaye.

Sasa usingizi, maana ndiko swali lako lilikoanzia. Misuli haikai kama ilivyo. Kila siku sehemu inavunjwa na sehemu inajengwa, na afya yake inategemea upande upi unazidi. Katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku ndipo mwili unapotoa kwa wingi homoni ya ukuaji, mojawapo ya zinazosimamia ukarabati. Ukikosa usingizi, kotisoli, homoni ya mfadhaiko inayosukuma uvunjaji, inapanda, na testosteroni, homoni ya kiume, inashuka. Mwaka 2021 watafiti wa Australia waliwakesha vijana 13 wenye afya usiku mmoja tu, na kasi ya misuli kutengeneza protini ikashuka kwa asilimia 18. Miaka kumi na moja kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Chicago kiliwapunguzia chakula watu wanene kwa siku 14, mara moja wakipewa nafasi ya kulala saa 8 na nusu, mara nyingine saa 5 na nusu. Jumla ya uzito waliopoteza ilikuwa karibu sawa. Tofauti ilikuwa kwenye kilichopotea: waliolala vya kutosha walipoteza kilo 1.5 za mwili usio mafuta, na walipolala kidogo wakapoteza kilo 2.4. Ona hapo mwanangu, baba yako anakula kidogo na halali. Ndiyo mchanganyiko wenyewe huo.

Hao lakini hawakuwa wazee. Kwa wazee tunachojua zaidi ni kutokana na tafiti za kuwahoji na kuwapima watu, na zinaonyesha jambo ambalo kaka yako asingelipenda: misuli dhaifu inaonekana zaidi kwa wanaolala kidogo, na pia kwa wanaolala sana. Saa 7 mpaka 8 kwa siku zinamtosha mtu wa rika lake. Kwa hiyo kumwongezea usingizi kwa kumwacha alale mchana kutwa hakusaidii kitu.

Lipo jaribio jingine la Australia, la 2020, ambalo kwangu ndilo la maana zaidi kwenu. Vijana wa kiume walilazwa saa 4 tu kwa usiku 5. Wasiofanya mazoezi, ujenzi wa misuli ulishuka. Waliolala saa hizohizo 4 lakini wakapewa mazoezi makali ya baiskeli, haukushuka. Sisemi baba apewe baiskeli. Ninasema msianze na usiku. Anzeni na mchana, na usiku wenyewe utafuata, kwa sababu mzee huyu halali kwa kuwa hakuna kilichomchosha. Muheza alikuwa anaamka alfajiri, jua linampiga, anainama, anabeba, anatembea mpaka shamba na kurudi, na baada ya isha mwili wenyewe unamdai usingizi. Mlimpokonya kazi hizo kwa siku moja. Kwa heshima, najua, na kwa hofu ya majirani.

Basi ufagio urudi leo. Uwanja ni wake, na dada wa kazi aambiwe na kaka mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba hatafokewa tena. Maji ya kunawa asipelekewe, ayafuate. Chai ainywee nje asubuhi, mwanga wa jua umpate usoni angalau nusu saa, maana mwanga wa asubuhi ndio unaoipanga saa ya mwili ijue lini kulala, na jua ndilo linaloiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D ambayo misuli inaihitaji. Msikitini aende kwa miguu kama si mbali, na wa kwenda naye kwa kuanzia awepo. Kulala kidogo adhuhuri ni desturi ya wazee wetu na sitaki mumnyime, ila iwe kama nusu saa, kabla ya saa 9, na aamshwe. Kile kisinzio cha jioni kwenye kochi ndicho adui. Saa hizo mpeni kitu cha mikono: kuchambua maharage, kumenya karanga, kusomesha wajukuu. Televisheni itoke chumbani ihamie sebuleni. Atanuna. Chai ya rangi ya usiku iondoke, kwani kafeini yake inakaa mwilini saa nyingi, na maji apunguze baada ya isha, si mchana. Njia ya kwenda chooni iwe na taa ndogo usiku kucha, bafuni kuwe na mkeka wa mpira, na zile kandambili zilizolika soli zitupwe.

Kutembea na kufagia havitatosha kurudisha mapaja. Hapo wengi wanakosea, wanamtembeza mzee kila jioni na miguu inabaki ilivyo. Misuli inajengeka inapopewa uzito unaoilemea kidogo, mara 2 au 3 kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Zoezi la kwanza ni lilelile la kiti. Kama hawezi bila mikono, weka mto mgumu kiti kiwe juu, aanzie hapo. Asimame na kukaa mara 8 hivi, apumzike dakika mbili, arudie, na awamu ya tatu akiweza. Siri iko kwenye kukaa: ashuke polepole, ahesabu mpaka 4, asijiangushe. Mara mbili za mwisho ziwe ngumu kweli. Zikiwa rahisi, ondoa mto. Zikiwa rahisi tena, akumbatie chupa ya maji ya lita moja na nusu. La pili, ashike sinki la jikoni, ajiinue kwa vidole vya miguu, kisigino kiwe juu, ashushe taratibu. La tatu, asukume ukuta kwa mikono miwili, akiegemea na kujirudisha. La nne atalipenda: dumu la lita 5 lililojaa maji, ni kilo 5 hizo, alibebe kutoka bombani mpaka kwenye miche, mkono huu kisha huu. Miche ipi? Ile mtakayompa. Viroba vya mchicha na bamia nyuma ya nyumba havihitaji shamba. Asibane pumzi akinyanyua. Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au kinena kikivimba, aache na mwende hospitali. Kama magoti yanauma sana, mwone mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, wa hospitali ya wilaya akurekebishie mazoezi, kuliko kuacha.

Najua kaka atauliza kama mzee wa miaka 71 anyanyue vitu vizito. Mjibu kwa habari ya Boston. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichukua watu 10 waliokuwa wakiishi kwenye nyumba ya wazee, umri wao miaka 86 mpaka 96, wakawapa mazoezi makali ya miguu kwa wiki 8. Waliomaliza nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha fimbo. Baba yako kwa hao ni kijana.

Na lile kopo? Timu hiyohiyo mwaka 1994 ilitoa matokeo ya wazee 100, wastani wa miaka 87. Baadhi walipewa mazoezi, baadhi kinywaji cha lishe, baadhi vyote, baadhi hakuna. Mazoezi yalileta nguvu. Kinywaji bila mazoezi hakikuleta kitu. Basi unga huo si sumu, lakini ukinywewa kwenye kochi ni hela imenywewa. Dripu ya mume wako ndiyo kabisa: ni maji, chumvi au sukari, na vitamini ambazo kwa asiyepungukiwa nazo zinaishia kwenye mkojo. Haina cha kujenga paja, na kwa mwenye presha maji ya kuongezwa ovyo yanaweza kuwa mzigo. Hiyo hela inunue mayai.

Chakula ndipo nilipotaka kufika, kwa sababu nimeisoma ile orodha yako mara mbili. Chai ya rangi na mkate, wali na mchuzi, chai na andazi. Mzee huyu anaishi kwa wanga na sukari. Mwili wa mtu mzima wa umri huo unasikia protini kwa shida kuliko wa kijana, kwa hiyo anahitaji zaidi, si pungufu: gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na bora igawanywe milo mitatu. Akiwa na kilo 60, ni kama gramu 60 mpaka 72, yaani karibu gramu 20 au 25 kila anapokula. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Mayai mawili na glasi ya maziwa asubuhi pamoja na mkate wake, na mlo wa kwanza umekamilika. Dagaa wakavu wanaoenea kwenye kiganja, gramu 30, wanatoa zaidi ya gramu 15, ni rahisi kuliko nyama, na kwa asiye na magego unawakaanga, unawatwanga, unawaunga kwenye mchuzi wa nazi. Mpe mbaazi, kunde, choroko, kisamvu cha karanga, maziwa ya mgando, samaki aliyetolewa miiba. Supu ya mifupa ambayo kila mtu anawapa wazee "wapate nguvu" ina ladha nzuri na protini kidogo. Nguvu iko kwenye nyama iliyobaki chini ya sufuria, isageni au ichambueni nyuzinyuzi aile. Uji wa lishe nao uangalieni. Wa dukani mara nyingi ni mahindi mengi na majina mengi. Upike kwa maziwa, uutie karanga zilizosagwa. Jambo moja tu: kama kipimo cha figo kitaonyesha zimechoka, kiasi cha protini akipange daktari.

Hamu ya kula itarudi akianza kuchoka. Isiporudi, kuna jambo jingine la kuuliza, na hili uliulize wewe si kaka. Baba amempoteza mkewe, na ndani ya miezi akapoteza shamba, rafiki wa msikiti wa nyumbani, na kazi iliyomfanya awe yeye. Hakusema neno ulipofichwa ufagio. Mtu asiyelala, asiyekula na asiyesema anaweza kuwa na sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na kwa wazee wetu mara nyingi haiji na machozi, inakuja na "sina njaa". Kaa naye siku moja dada wa kazi akiwa sokoni, umuulize habari za mama. Ukiona mzigo ni mkubwa, mtaje huo pia kwa daktari. Hakuna zoezi la kiti litakalofanya kazi kwa mtu ambaye haoni sababu ya kunyanyuka.

Kuhusu swala ya kiti, dini imemruhusu mgonjwa na mimi siigusi ruhusa hiyo. Mwambie tu kwamba zoezi la kushuka polepole na kunyanyuka ndilo litakalomrudisha kwenye mkeka. Huenda sababu hiyo ikamsukuma kuliko zote nilizozitaja.

Akija kulazwa kwa malaria au kitu chochote, msimwache kitandani. Mwaka 2007 Marekani walipima wazee 12 wenye afya, wastani wa miaka 67, wakalazwa siku 10 bila kutoka kitandani. Walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Muulizeni muuguzi siku ya kwanza lini anaruhusiwa kukaa kwenye kiti na lini kutembea wodini, na ndugu wa zamu ndio wamtembeze.

Baada ya wiki 8 mpime tena kwenye kile kiti na uandike chini ya ile tarehe ya kwanza. Usingizi unaweza kutangulia kubadilika, mapaja yatachelewa. Kama sekunde hazijapungua kabisa, rudi kwa daktari na karatasi hiyo.

Sasa kikao cha familia. Usimwendee kaka na lawama, kwa sababu ni yeye anayetoa hela na alichofanya alikifanya kwa kumpenda baba yake. Mwonyeshe saa ya simu, baba akiwa kwenye kiti. Aone mwenyewe. Kisha mpe kazi: panga litoke stoo, na kila msimu wa machungwa mzee akae Muheza kwa dada yake, aonyeshe vijana namna ya kupogoa, alale kwa saa zake za zamani, na dawa zake za presha ziende naye pamoja na tarehe ya kliniki. Shangazi yako atafurahi, na majirani wa Tabata watapata la kusema jingine. Nauli alipe kaka.